Karani Chepkirui na Vitabu vya Obure

Katika kituo cha kupimia majani chai nje kidogo ya Roret, Chepkirui alikuwa karani asiyempunja mtu hata robo kilo. Kilichowashangaza wakulima kilikuwa kitabu kilichofunguliwa kando ya mzani. Kabla mkulima hajashusha kikapu chake, karani alikuwa amemeza nusu ukurasa wa mojawapo ya riwaya nene za Kiingereza, za falme zisizo kwenye ramani yoyote, za mazimwi na wachawi na majeshi yanayovuka milima. Alikuwa na miaka thelathini na sita, hajaolewa, na akina mama wa kanisa walikwisha kuchoka kumwombea bwana.

Vitabu alivipata kwa Obure, Mkisii aliyehamia Roret na mkewe Wilkista zamani, Chepkirui akiwa bado shuleni. Obure, ambaye wengi walimwita Baba Nyaberi kwa jina la mtoto wake, aliuza vitabu kuukuu vilivyokuja pamoja na mitumba, na hakuuza kitabu asichokisoma kwanza.

Mapema mwaka wa tisini na mbili, mwaka wa uchaguzi, Chepkirui alimrudishia kimoja kwa hasira.

"Baba Nyaberi, hiki ni cha watoto! Kufika katikati nilishajua nani atakufa na nani ataoa. Nipe cha mtu mzima, kile sitajua kinaenda wapi."

Obure alicheka, akatoa chini ya meza kitabu kisicho na jalada.

"Hii iko na juzuu nne. Lakini humu usimpende mtu, karani. Kuna mlinzi amekula sahani moja na mfalme miaka ishirini. Siku moja anawafungulia maadui lango."

"Kwa nini?"

"Hiyo utajua kwa ya pili."

Alikimaliza kwa wiki moja. Wiki hiyohiyo, wakulima waliokuwa wakitaniana kwenye foleni walianza kusimama makundi mawili, wenyeji huku na waliohamia kule, na mazungumzo yakakatika kila alipoinua kichwa. Lori lilishusha vijana wageni karibu na msitu wa mikaratusi, wakapokewa na watu aliowajua, watu wa kwaya. Jumapili mchungaji alihubiri juu ya kumpenda jirani, lakini viti vingi vya wanaume vilikuwa vitupu.

Jumanne kaka yake Kipkurui alikuja kunywa chai. Ndiye aliyeuza ng'ombe wake ili Chepkirui amalize shule.

"Alhamisi usiende sokoni," alisema.

"Alhamisi si ndiyo siku ya soko?"

"Ndiyo maana nakwambia. Watu wa Obure waliambiwa wahame, hawakusikia."

"Waliambiwa na nani?"

Kipkurui alitazama kikombe chake. "Wewe ni dada yangu. Hayo yanakutosha."

Chepkirui alibaki na maneno hayo kama mtu aliyemeza jiwe. Akisema, kaka yake angejulikana. Akinyamaza, je? Jumatano adhuhuri alifunga kituo, akaenda kwa Obure.

Obure alipomwona tu, alinyoosha mkono kuchukua juzuu ya pili. "Nilijua hutavumilia!"

"Ondokeni leo," alisema Chepkirui.

"Twende wapi? Mama yangu nimemzika hapa. Kipkurui mwenyewe alinisaidia kuchimba kaburi."

Chepkirui aliinamisha macho. Obure alimtazama, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Ni yeye amekwambia?"

"Usiniulize, Baba Nyaberi."

Wilkista alikuwa tayari amesimama, anafunga blanketi. "Huoni macho ya karani? Ita watoto."

Waliondoka kabla ya jioni kwa lori la maziwa, wakielekea Kisii. Obure alimtia Chepkirui ile juzuu ya pili mkononi, asiseme hata kwaheri.

Alhamisi, kabla ya saa sita, moshi ulipanda nyuma ya soko. Nyumba ya Obure iliteketea pamoja na vitabu vyote. Katika nyumba ya tatu kutoka hapo aliishi mzee Ojwang, Mjaluo fundi wa baiskeli. Alipigwa mshale akiwa mlangoni pake, akafa. Chepkirui hakuwa amemkumbuka. Alipita mbele ya mlango huo Jumatano, akamsalimu, akaendelea na safari yake.

Jumatatu Kipkurui alileta majani yake. Alingoja mpaka wengine wakaondoka.

"Nyumba ilikuwa tupu," alisema. "Wakauliza nani alitoboa siri. Nimewaapia si mtu wa kwetu."

"Na Ojwang?"

Kipkurui alichukua risiti, akaondoka. Kwa miaka mitano hakumsemesha tena.

Ile juzuu ya pili Chepkirui aliisoma wakati wa mvua za mwaka uliofuata. Mlinzi hakuwa na siri kubwa. Aliwaogopa wenzake, basi. Mwaka wa tisini na nne Obure aliandika barua kutoka Keroka, akisema amepata juzuu ya tatu kwa muuzaji mwingine na anamwekea. Chepkirui alianza kumjibu mara nyingi. Kila mara alifika mahali pa kuandika jina la Ojwang, akachana karatasi.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na saba, na uchaguzi mwingine. Alasiri moja Kipkurui alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Alishusha kikapu, akaangalia nyuma, akasema kwa sauti ya chini:

"Safari hii sikwambii siku."

Akashuka njia ya mtoni, asingoje risiti. Chepkirui alifunga kituo jua likiwa bado juu, akashika barabara ya soko, akabisha mlango wa kwanza wa wahamiaji aliokutana nao.