Mtunza Ghala Darasani

Kwa miaka kumi na tisa mama huyu alitunza ghala la nafaka, tena kwa mkono wa chuma. Gunia lenye fukusi halikupita mlangoni pake. Alipofikisha miaka arobaini na saba akawaambia watu wa nyumbani kwamba amepata nafasi chuo kikuu, anakwenda kusomea uhakika wa chakula na kilimo endelevu.

Mumewe, fundi cherehani, aliacha kukanyaga mashine. "Na chai nitapikiwa na nani?"

"Jiko liko palepale, baba. Halijahama."

Mume akacheka mpaka akavua miwani. Aliyekuwa na neno zaidi ni binti yao, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni hapohapo. "Mama, tukikutana kantini, usiniite lile jina la utotoni."

"Nitakuita dada. Si umenitangulia darasa?"

Siku ya kwanza alipoingia, wanafunzi walinyamaza na kufungua madaftari wakidhani ndiye mhadhiri. Akawapungia mkono, akaenda kukaa nyuma.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka lilipokuja somo la sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye mahindi yasiyokauka. Hapo alijiona yuko nyumbani, akanyoosha mkono.

"Kwetu ghalani yakishika ukungu tunayaanika upya, tunayapeta, tunayarudisha kwenye magunia. Yanakuwa safi kabisa."

Mhadhiri, mwanamke aliyemzidi umri kwa miaka kumi hivi, alimjibu taratibu. "Ukungu unaondoka, mama. Sumu inabaki. Huioni, huinusi, na ukipika haiishi."

Aliweka kalamu chini. Kipindi kilichobaki hakusikia kitu. Alikuwa akiyakumbuka magunia, msimu baada ya msimu. Wenzake walipotoka alimfuata mhadhiri mezani.

"Nimewalisha watu nini?"

"Ya zamani hatuwezi kuyapima tena," alisema mhadhiri. "Yaliyopo ghalani leo tunaweza. Lete sampuli."

Alipofika ghalani, meneja, bosi wake wa zamani, alimkata jicho. "Umekwenda kusoma ili uje kunifungia ghala?"

"Nimekuja kuomba mahindi kidogo kutoka kila rundo."

"Na yakikutwa mabaya?"

"Tutajua mimi na wewe, kabla ya mlaji."

Meneja alizungukazunguka, akahesabu vidole vyake, mwisho akamtupia funguo. Yalikuwa marundo tisa. Maabara ya chuo ilikuta sumu kwenye mawili, yote yaliyolazwa sakafuni kando ya ukuta unaovuja. Yakateketezwa. Meneja alinuna wiki nzima. Wiki ya pili akaleta mafundi wazibe ukuta, magunia yakapandishwa juu ya chaga za mbao, na kikanunuliwa kifaa cha kupima unyevu. Mahindi yasiyopimwa sasa hayaingii.

Mama mwenyewe hasemi kwamba amesahau. Kuna siku lile swali, amewalisha watu nini, humrudia, naye huliacha limkae kifuani kidogo, kisha anaendelea na kazi. Lakini roho yake imetulia kuliko alipokuwa hajui.

Sasa yuko mwaka wa tatu. Jumamosi huenda na mhadhiri kwa vikundi vya wakulima kuonyesha namna ya kuanika mahindi juu ya maturubai badala ya udongoni. Juzi mkulima mmoja alimtazama sana, akamwambia, "Wewe si yule mama wa ghalani aliyenirudisha na magunia yangu mara tatu?"

"Ndiye mimi. Sogea karibu, leo nikueleze kwa nini."

Mkulima akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa.