Swichi Iliyofungwa kwa Waya

Tangi la kwanza tulilowatengenezea akina mama wa Katangi lilivuja siku ile ile lilipojazwa. Lilivuja kwenye mishono, sehemu saba, na penye kila sehemu mwanamke alichuchumaa akakinga sufuria, kwa sababu maji yale yalikuwa yamebebwa na punda kutoka mbali na hakuna aliyekubali tone lipotee.

Aibu ilikuwa ya bosi wangu. Alikuwa na kibanda cha kuchomelea vyuma pale Mumbuni, na mashine moja ya injini ya dizeli tuliyoibeba kokote kusiko na stima. Mageti mengi ya mji yalitoka mikononi mwake. Lakini geti ni chuma kinene, na tangi ni bati jembamba. Rodi zetu za kuchomelea zililitoboa. Ukiziba tundu hapa, unafungua lingine pale.

Mwenyekiti wa kikundi chao, mama mrefu asiyepandisha sauti, alimwambia, "Fundi, tengeneza lingine kabla ya mvua. Hilo nalo likivuja, tutaenda Thika. Na hatutakuja kwako tena, wala sisi, wala kanisa letu."

Tukiwa njiani kurudi, bosi aliniambia kwamba akishindwa mara ya pili atafunga kibanda arudi Kivaa kulima ndengu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na kibanda kile kilikuwa mahali pa kwanza nilipokaa zaidi ya mwaka mmoja tangu nimalize kidato cha nne. Nilitaka kibaki.

Wiki iliyofuata bosi alienda kwenye mnada wa kiwanda kilichofungwa, akarudi na kisanduku cha kusukuma waya. Waya huo mwembamba huzungushwa kwenye gurudumu, ukapita ndani ya mpira mrefu mpaka kwenye kitu kama bastola. Ukibonyeza, waya unatoka wenyewe kwa kasi ile ile na kuyeyuka kwenye bati. Hakuna kubadilisha rodi. Bati jembamba halitoboki, kama fundi anajua anachofanya.

Sisi hatukujua. Tuliunganisha kisanduku kwenye mashine yetu ya dizeli, bosi akabonyeza, na waya ukapiga bati ukajikunja.

"Ongeza!" alinipigia kelele. Nikaongeza mkondo wa stima. Sasa waya ukaungua kurudi juu mpaka ukashikana na ncha ya shaba ya bastola.

"Punguza!" Nikapunguza. Ukajikunja tena.

Siku tatu tulicheza mchezo huo. Ncha za shaba zilizoharibika zilijaa kwenye kopo la rangi. Mzee wa grinda, aliyelainisha mishono kwa bosi tangu siku ya kwanza, alikaa kwenye ndoo akitutazama. "Mzee mwenzangu," akasema, "hiyo umeuziwa cherehani."

Siku ya tatu nilikoma kutazama cheche, nikasikiliza. Zamani kidogo, kabla sijakimbilia Mombasa, na kabla Mombasa haijanichosha nikaenda Voi, nilikuwa nabeba vyuma kwenye yadi moja Athi River. Huko walichomelea kwa waya kutwa nzima, na sauti yake haikukatika, kama mandazi yakikaangwa kwenye mafuta mengi. Yetu ilikuwa inakohoa. Na pamoja na sauti ile nikakumbuka msimamizi aliyemzomea fundi mgeni: "Hapo umeweka ya rodi! Waya unataka volteji ishikiliwe, si mkondo!" Kisha akaenda nyuma ya mashine, akageuza swichi.

Mashine yetu nayo ilikuwa na swichi nyuma. Hakuna aliyeigusa. Bosi aliifunga kwa waya wa kufungia nondo za zege, akaipaka rangi juu, kwa sababu mwaka alioinunua mtu aliigeuza na rodi zikakataa kazi siku nzima. Nimepita karakana nyingi, na karibu kila moja ina kitu kama hicho.

"Bosi," nikasema, "tufungue ile swichi."

"Hiyo haiguswi. Niliifunga kabla wewe hujajua kufunga viatu."

"Ilifungwa kwa ajili ya rodi. Hii ni waya."

"Stima ni stima!"

"Mwache aseme," mzee wa grinda akaingilia. "Huyu amezunguka Kenya yote kama mbuzi aliyekata kamba. Labda aliona kitu huko."

Nikamwonyesha kwa rodi mkononi. Ukichoma kwa rodi, mkono wako ndio unapima umbali, kwa hiyo unataka mashine ishikilie mkondo hata mkono ukitetemeka. Lakini waya unakuja kwa kasi moja, hausubiri mkono. Lazima mashine ishikilie volteji na kuuachia mkondo upande na kushuka. Waya ukikaribia mno, mkondo unapanda unauyeyusha haraka. Ukibaki mbali, mkondo unashuka, waya unafika. Umbali unajirekebisha wenyewe. Sisi tulikuwa tumebana kile kilichotakiwa kuachiliwa.

Bosi alichukua koleo akaukata mwenyewe ule waya uliofunga swichi. Rangi ya miaka yote ikapasuka. Akageuza swichi. Akanipa bastola.

Nikabonyeza, na kibanda kikajaa mandazi.

Mzee wa grinda alisimama kutoka kwenye ndoo. Bosi alivua miwani, akainama karibu na mshono, laini, hauna tundu hata moja, akacheka mpaka akakohoa. "Niachie hapo!" akaninyang'anya bastola. Siku nzima hakuitoa mkononi.

Tangi la pili tulilichomelea kule kule Katangi, mbele ya akina mama wote. Lilipojaa, mwenyekiti alipaka majivu makavu kwenye kila mshono, maana majivu yakipata unyevu yanageuka meusi. Kisha wakatupikia isyo, mahindi na maharage, tukala tukilitazama tangi. Bosi hakula.

Baada ya saa mbili mwenyekiti alizunguka tangi lote, kidole kikipita juu ya majivu, kutoka chini hadi juu. Akakipuliza kidole. Vumbi likaruka.

"Kavu," akasema. Halafu akapandisha sauti, mara ya kwanza nimsikie: "Kavu!" Wakapiga vigelegele mpaka punda wakakimbia. "Fundi, la kanisa litaanza lini?"

Nimeishi miji mingi tangu hapo, na hakuna ulionipa siku kama ile. Tuliporudi Mumbuni, bosi alichukua brashi kabla hata ya kushusha mizigo. Upande mmoja wa swichi akaandika RODI, upande wa pili WAYA. Hakuifunga tena.