Dagrun na Lenzi Nne za Kaka Yake

Dagrun Feragen alikuja mji wetu wa Røros kwa ajili ya Krismasi. Krismasi ile, ukiniuliza mimi, ilikataa kwisha. Alishuka kwenye treni na sanduku moja la mbao, Februari kaka yake akaumia mikono, akasema anakaa mpaka ipone, halafu anarudi Trondheim kwenye mtambo wake wa kufumia. Mtambo ukauzwa. Sanduku likawekwa darini, likajaa kuni za kuwashia moto. Mikono haikupona.

Mimi ni Borghild, mjane, jirani yao wa ng'ambo ya ua. Msinione mmbea. Ua ni mdogo, na dirisha langu la jikoni linatazama mlango wao; sasa nifumbe macho nikiosha vyombo?

Kaka mtu ndiye Eilert, mpiga picha. Mwaka ule alisimama soko zima la Februari akipiga picha farasi na sileji zao za kuteleza thelujini, bila glavu, vidole vikaganda. Daktari akamfunga bandeji. Bandeji zilipotoka, vidole vilikuwepo vyote kumi, ila vilitetemeka. Kikombe cha kahawa alikishika kwa mikono miwili na bado kilimwagika. Basi Dagrun akawa ndiye anayechanganya dawa za picha, anayesafisha kwa brashi nyembamba madoa kwenye vioo vya picha, maana enzi zile picha ilipigwa kwenye kioo, anayepika uji wa maziwa ya mgando, anayefua. Na zaidi ya yote, akawa ndiye anayefunga kioo cha njano mbele ya lenzi.

Hapo ndipo palipomkamata. Eilert alikuwa na lenzi nne za shaba, kubwa na nzito, kila moja aliinunua kwa mjane wa mpiga picha mwingine. Hakuna hata moja yenye hesi mdomoni ya kufungia kitu, na hakuna mbili zenye mdomo sawa. Ile kubwa kuliko zote iliwahi kuanguka, mdomo ukabonyea kidogo upande mmoja, haukuwa duara tena. Ukiagiza kioo cha njano dukani, kitaingia lenzi gani? Labda ya mtu mwingine. Na bila kioo cha njano, mbingu na theluji hutoka nyeupe moja, mapaa yananing'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Watu wa Røros walitaka mawingu yao. Waliyalipia.

Dagrun akakata kadibodi, akaishonea ndani kitambaa kizito cha sufu cha koti la marehemu baba yao, akatengeneza kola. Upande mmoja unakumbatia mdomo wa lenzi, upande wa pili unashika kioo. Kila lenzi na kola yake. Ikilegea, upepo unaichukua. Ikibana mno, unaisukuma mpaka lenzi yenyewe inasogea na picha inaharibika. Ilitaka vidole vinavyosikia. Eilert alikuwa anasimama pembeni, mikono mfukoni, anangoja.

"Nimekuwa kifungo cha shati lake," Dagrun aliniambia siku moja tukikung'uta mazulia. "Hawezi kutoka nje bila mimi."

"Si umwache atoke wazi?"

"Borghild, acha utani."

"Sitanii mimi! Mtu mzima, anaongea, anakula, anatongoza wake za watu kanisani kwa macho. Kufunga kioo tu ndiyo kumemshinda?"

Akakung'uta zulia kwa hasira, vumbi likanijaa mdomoni mimi.

Sasa, miaka mingi ikapita hivyo, na majira fulani ya baridi, kabla ya vita, Solfrid, rafiki wa Dagrun, alimpelekea habari kutoka Kristiansund. Alikuwa amefungua nyumba ya ufumaji, anataka mtu, na juu kuna chumba kinachotazama bandari. Anamwekea mpaka wiki ya baada ya soko la Februari. Asipofika, kinachukuliwa na mwingine. Dagrun hakunisimulia mshahara wala bandari. Alinisimulia kitu kimoja tu, akarudia kama mara tatu: chumba kina ufunguo wake. Katika nyumba ya Eilert alilala kwenye kijia chembamba nyuma ya chumba cha giza cha kusafishia picha, na kaka mtu alipita hapo usiku na mchana kufuata vioo vyake.

"Nitakwenda," akasema. "Ila simwachi hivi hivi. Namtengenezea kitu atakachofunga mwenyewe."

Akaenda kwa Embret, fundi saa, mwenye mashine ndogo ya kukereza. Akambebea lenzi kubwa kifuani kama mtoto mchanga. Embret akamkerezea pete ya kushikia kioo, ya chuma chepesi, alumini, maana hakuwa na shaba ya ukubwa ule. Dagrun akaipiga tupa ndani, polepole, mpaka ikaufuata ule mdomo uliobonyea. Akaiwekea alama nyekundu juu. Alama ikikaa juu, unasukuma tu, inaingia. Hata mtu anayetetemeka ataiweza.

Siku alipompa Eilert nilikuwepo, nimepeleka mikate. Kaka mtu aliigeuza pete ile mezani kwa kidole kimoja.

"Nzuri," akasema. "Kwa hiyo unaondoka."

"Baada ya soko, kaka."

"Haya."

Hakununa, hakugomba, hakuinua hata macho. Mimi mtu asiyegomba simwamini, lakini nikala mkate wangu.

Soko likaja. Baridi ya mwaka ule ilikuwa ya kukata masikio. Dagrun akavalisha lenzi pete ndani, penye joto, wakatoka, Eilert akapiga picha sileji zikiteremka barabarani na mawingu juu yake, picha safi kabisa. Wakarudi. Asubuhi yake nikasikia Dagrun akinigongea dirisha, uso umemsawajika.

"Pete haitoki."

"Haitoki vipi?"

"Imeganda. Alumini inasinyaa kuliko shaba, baridi imeifanya iung'ate mdomo wa lenzi. Ni mimi, Borghild. Ningengoja shaba. Haraka yangu ya kuondoka ndiyo imeniponza."

Mji mzima ukamwamini. Nani hapa hajaacha ngozi ya kidole kwenye kitasa cha mlango? Chuma na baridi tunavijua. Na tatizo halikuwa dogo: ile ndiyo lenzi ya studio, ya maharusi na watoto. Kioo cha njano kinakula mwanga, inabidi ukae mbele yake bila kupepesa, na mtoto gani atakubali? Mkate wao wote ulikuwa kwenye ile lenzi.

"Ipashe moto," nikasema.

"Kaka amekataa. Vioo vya ndani vimegandishwa kwa utomvu, moto utavitenganisha. Anasema tusubiri kiangazi, nyumba ipate joto yenyewe, itaachia."

"Kiangazi! Na Solfrid?"

"Kaka amesema, si unamwandikia tu kwamba mwaka huu haitawezekana."

Alisema hivyo huku ameshika ukingo wa sinki langu kwa mikono miwili. Niliona aibu kumtazama. Miaka yote nilikuwa namtania, lakini siku ile nilimwona alivyo: mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyebanwa mahali, na aliyembana amekaa ng'ambo ya ua anakunywa kahawa.

Keshokutwa yake, mchana, akaingia kwangu bila kubisha. Tumbo limetoka mbele chini ya sweta, anatembea kwa kujishika kiuno.

"Makubwa haya!" nikasema. "Mimba? Na ya nani, ya Embret?"

"Funga mlango, we mwanamke." Akakaa karibu na jiko langu. Chini ya sweta, juu ya ngozi yake, alikuwa amefunga ile lenzi kwa shali. "Joto la mwili halimdhuru mtu. Nimelala nayo usiku, nimepika nayo, nimemtandikia kitanda nayo. Kaka anadhani iko kabatini."

"Imeachia?"

Akaifungua shali, akaipakata, akaikamata pete na kuizungusha. Hakuna. Akazungusha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ng'o.

"Haiwezekani," akasema. "Ina joto kama mimi. Inatakiwa ianguke yenyewe."

Akatoa mfukoni ile lenzi ndogo ya kukuzia anayosafishia madoa ya picha, akaenda dirishani. Aliinama pale muda mrefu. Kahawa yangu ikachemka ikamwagika kwenye jiko, sikuondoka nilipokaa.

"Dagrun?"

"Njoo uone."

Nikatazama. Pale pete inapokutana na shaba palikuwa na mstari. Mwembamba kuliko unywele, wa rangi ya asali, umezunguka mdomo mzima bila kukatika, umefuata hata pale palipobonyea. Hakuna tone lililopita mpaka. Hakuna tone kwenye kioo.

"Nini hiyo?"

"Vanishi. Ile tunayopaka vioo vya picha." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Imepakwa kwa brashi yangu ndogo."

"Ameigundisha! Shetani mkubwa!"

"Si hilo, Borghild. Mimi najua kupaka. Utazame tena huo mstari."

Nikautazama tena. Hapo ndipo ikanishukia. Mstari ule ulikuwa sawasawa. Haukutikisika mahali popote.

Hakulia. Aliniomba spiriti ninayowashia jiko la mafuta ya taa, akachovya kitambaa, akauzungushia ukingo. Tukangoja. Pete ikateleza ikaanguka mapajani mwake, nyepesi, bila sauti. Akaifunga lenzi ndani ya shali, akavuka ua. Nikamfuata. Hakuniita, lakini hakuna mtu angenizuia siku ile.

Eilert alikuwa mezani, kikombe mikononi, kahawa inamwagikia kwenye kisahani kama kawaida. Dagrun akaweka lenzi mbele yake, na pete kando.

"Irudishe."

Akaitazama pete. Akanitazama mimi. "Unajua mikono yangu, dada."

"Naijua. Irudishe, kaka."

Mwisho akaweka kikombe chini. Akachukua pete, akatafuta alama nyekundu, akaielekeza juu, akaisukuma kwa vidole gumba viwili. Iliingia mara moja. Mikono yake ilikuwa imetulia kama mikono ya mchungaji juu ya Biblia.

"Tangu lini?" akauliza Dagrun.

"Majira ya baridi yale ya kwanza ilitetemeka kweli."

"Nimekuuliza tangu lini iliacha."

"Pasaka," akasema. "Pasaka ile ile." Machozi yakaanza kumtoka, mzee mzima, yakamshuka mpaka kwenye ndevu. "Ningekwambia nini? Ningekwambia imepona, ungechukua sanduku. Nyumba hii ukitoka wewe nabaki mimi tu, Dagrun. Mimi siwezi kukaa na mimi."

"Nimekaa naye mimi," akasema Dagrun.

Akapanda darini. Tulisikia kuni zikimwagwa sakafuni, sanduku zima, zikibingirika. Akashuka nalo. Mlangoni akanishika mkono.

"Usimwambie mtu," akasema. "Aibu hiyo mwachie mwenyewe."

Mimi! Kuninyamazisha mimi, kwa kisa kama kile! Lakini nikaapa, akapanda treni ya jioni. Kutoka Kristiansund alinitumia shali aliyoifuma mwenyewe. Ndani yake hakuwa ameandika habari yoyote, ila alikuwa amechora ufunguo kwenye karatasi ya kufungia. Niliuangalia ufunguo ule nikacheka peke yangu jikoni.

Eilert akabaki. Na kwa kuwa mji haukujua, ilimbidi aendelee kutetemeka. Kwenye kahawa ya kanisani baada ya ibada mke wa mchungaji anamshikia kisahani, wanaume wanamfunga vifungo vya koti, na mimi namtazama kutoka upande wa pili wa chumba, na yeye anajua namtazama, na anatetemeka. Nilifurahi, nasema kweli. Nilisema moyoni, tetemeka, baba, tetemeka mpaka kufa.

Halafu mwanangu wa Amerika akataka picha yangu. Nikaenda studio wakati wa mchana, tuko wawili tu. Eilert akanitazama usoni, akasema madoadoa yangu yatatoka meusi, afadhali kioo cha njano. Akachukua pete. Mikono ikaanza.

"Eilert, bwana wee," nikasema, "hapa tuko mimi na wewe. Mwonyeshe asiyejua."

Akajaribu. Alama ikapita juu, ikapita chini, pete ikagonga shaba, ikagonga tena, ikamponyoka ikabingirika mpaka kwenye kiatu changu.

"Haiachi, Borghild," akasema. "Nilikuwa naitetemesha mwenyewe. Sasa nikiiambia iache, haiachi."

Nilimtazama machoni. Mimi mjanja, mimi niliyeona kila kitu kutoka dirishani, sikuweza kujua kama ni kweli au ananipaka vanishi na mimi. Mpaka leo sijui. Nikainama nikaiokota pete, nikaweka alama juu, nikaisukuma. Ikaingia vizuri.

Picha ilitoka nzuri, madoadoa hayaonekani. Leo Jumamosi kuna harusi, wanataka kupigwa picha nje, na mawingu. Eilert ameshagonga dirisha langu, natafuta koti nikamfungie kioo.