Barua Tupu ya Bihambwe

Mama yangu anaishi Bihambwe. Bombe ya waasi njo iliua masikio yake. Mimi niko Walikale. Zamani nilikuwa natuma bahasha na shofere: barua, pamoja na feza ya shule ya mutoto wa marehemu dada yangu. Waasi wa bariere, kile kizuizi cha barabarani, njo waliharibu hiyo njia, nasema wazi. Walipasua kila bahasha, feza wanakula, barua wanatupa mu matope. Basi nikaanza kutuma feza ku telefone.

Mama hakuigusa. Jirani aliniandikia mesaje kwa niaba yake: "Feza imefika. Lakini nani ametuma? Sauti yako siwezi kuisikia. Muntu akikuua, si atabaki na telefone yako?"

Nikaandika barua, bila feza. Shofere akacheka. "Kaka, barua tupu? Siku hizi hata shule wanalipa ku telefone. Nani angali anabeba karatasi?"

Nilimulipa, akabeba. Ku bariere walipasua tena, wakakuta maandiko tu, wakamurudishia.

Mama alitambua mwandiko wa mukono wangu. Kesho yake njo alitoa feza, akapeleka mutoto ku shule.