Makoti ya Mbulu kwa Watu wa Komoro

Hii habari nikiisimulia naonekana mjinga, na ni kweli nilikuwa mjinga, kwa hiyo tusipoteze muda.

Mimi ni bodaboda hapa Mbulu. Abiria wangu wa kila asubuhi ni mwalimu mmoja, Muislamu, aliyehamishiwa huku kutoka pwani. Mama yake anaishi Komoro, visiwa vidogo huko baharini. Kimbunga kikapita kule, kikaondoka na bati za nyumba, na kisima chao kikaingia maji ya chumvi pamoja na uchafu wa vyoo. Mama na majirani wakawa wanakunywa hayohayo. Mwalimu alikuwa na ndugu yake Dar anayesafiri kwenda kule, na basi la kumpelekea mzigo linaondoka Jumatatu alfajiri. Akanituma nitangaze kanisani kwetu: ndoo zenye mifuniko, madumu, na dawa ya kusafishia maji. Aliniambia mara mbili.

Jumapili nikapewa kipaza sauti. Sasa mimi nikiona watu wengi mdomo unaniwasha. Kwetu mvua na upepo maana yake baridi, meno yanagongana. Nikasema ndugu zangu, huko watu wamelowa, wanatetemeka, toeni makoti, masweta, mablanketi. Wamama wakafuta machozi. Ndoo nikazisahau kabisa.

Jioni mwalimu akaja kwenye chumba cha kanisa tulichokusanyia. Rundo lilifika dirishani, na harufu ilikupokea nje kabla hujafungua mlango. Yaani watu walitoa vitu vya kutapisha. Kulikuwa na blanketi ambalo ndama alizaliwa juu yake, na ushahidi umekaukia hapohapo. Sweta limeganda maziwa yaliyochacha. Viatu vitatu, vyote vya kushoto. Chupi, tena iliyofanya kazi miaka mingi. Nikaanza kuwasema watu wangu kwa sauti: nyie mnadhani mtu akiezuliwa nyumba na pua inaondoka?

Mwalimu hakucheka. Alivuta koti moja zito, akatia mkono mfukoni, akatoa gunzi la mahindi lenye ukungu wa kijani, mende akamkimbilia mkononi. Akauliza koti hili la nani. Lilikuwa langu. Nilikuwa nalifunikia mbuzi.

"Ndoo ziko wapi?" akauliza.

Nikamweleza habari ya baridi. Akaniangalia kama mtu aliyekanyaga kinyesi akiwa pekupeku. Akasema kule ni joto, watu wanalala nje wanajipepea, na mama yake anaharisha tangu juzi.

Nilijiona nanuka kuliko lile rundo. Nikawasha pikipiki, nyumba kwa nyumba, shikamoo hapa, shikamoo pale, naomba ndoo kwa watu ambao asubuhi walishatoa na wanajiona wametoa sana. Mzee mmoja akanirudisha getini, akasema kwanza nimrudishie blanketi lake. Nilipata tano, mbili za mama yangu, ambaye mpaka leo hajanisamehe. Dawa ya maji nikanunua dukani. Alfajiri vikapanda basi.

Wiki mbili baadaye, nikimpeleka shule, mwalimu akaniambia ndoo zimefika na mama ana nafuu. Halafu akasema:

"Nilimsimulia mambo ya makoti. Amesema msimpelekee, mvae tu wenyewe. Amewaonea huruma sana, anasema kumbe ninyi ndio mna shida."