Bosi Aliyeandikishwa Kuwa Mwanangu

Uzeeni huku nilipata mtoto mwenye kitambi na tai.

Msicheke. Mke wangu alishatangulia siku nyingi, na magoti yangu yamestaafu. Lakini mtoto nilimpata, tena si mmoja. Watano kwa mpigo! Na huyo mwenye tai ndiye niliyekuja kumnyoosha.

Kaeni vizuri basi. Mimi shule niliishia kwenye kujumlisha, kwa hiyo naongea tu, mjukuu wangu anaandika. Mkiona kosa la herufi, mlaumuni yeye.

Na habari yenyewe ni ya huyu huyu mjukuu, mtoto wa binti yangu. Alikuwa karani kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo. Kompyuta nne, watu wanapokezana. Mmoja akiinuka mwenzake anakaa, kiti bado kina joto.

Sasa zile programu za kuandikia barua na kupigia hesabu, kumbe hununui zikawa zako kama jembe! Unazilipia kila mwaka, kama kodi ya nyumba. Na kwa ofisi, kila anayezitumia lazima awe na leseni yake.

Bosi akaona huo ni ujinga. Akasikia kuna kifurushi cha familia, rahisi kabisa. Baba, mama na watoto, mnatumia humo humo nyumbani kwenu.

"Tuandikishe ofisi iwe familia," akamwambia mjukuu wangu.

"Bosi, hicho ni cha watu wa nyumba moja. Wakijua je?"

"Watajulia wapi? Wewe andika. Ila mkuu wa familia nisiwe mimi. Na namba yangu ya simu usiweke, sitaki vimeseji vya ajabu ajabu. Kwenu hakuna mzee?"

Mzee yupo. Mzee ni mimi, na namba yangu sijaibadilisha tangu ninunue hii simu ya vitufe.

Basi nikapata familia. Mhasibu, mwanangu. Dada wa mapokezi, binti yangu. Dereva, mwanangu. Yule wa ghalani naye. Na bosi, kwa kuwa aliandikishwa wa mwisho, kitinda mimba!

Kila mtu akihamia kompyuta nyingine, mashine inadai namba ya siri, na namba inaingia kwenye simu yangu. Herufi zinanisumbua, ila tarakimu hazijawahi kunishinda.

"Shikamoo Baba! Imefika?"

"Marahaba binti yangu. Mafua yamepungua? Haya, andika. Saba, mbili, mbili..."

Nikazoea. Nikajua nani anaumwa, nani kaachwa na mchumba. Raha mustarehe.

Mpaka shemeji wa bosi alipokosa kazi.

Mdogo wake mke wa bosi, huyo. Akataka kiti, na kiti alichokipenda ni cha mjukuu wangu. Bosi akawakusanya wafanyakazi wote ukumbini, akanyoosha kidole.

"Huyu kaandikisha programu za ofisi kwa jina la babu yake! Mali ya ofisi kaipeleka kwao. Mwizi!"

"Lakini bosi, si wewe uliye..."

"Mlinzi! Mkague mkoba, mtoe nje."

Mkoba ukamwagwa mezani mbele za watu. Kitana, leso, na dawa ya magoti yangu aliyokuwa ameninunulia.

Alipofika nyumbani hakulia. Angelia, ningepata nafuu. Alikaa kwenye ngazi na viatu vyake miguuni mpaka chai niliyomwekea ikapoa. Na kila alikokwenda kuomba kazi, akakuta bosi ameshapiga simu. Mwizi huyo, msimpe.

Jamani, damu ilinichemka. Nikaapa, huyu mwanangu wa kuandikishwa nitamfunza adabu kama baba yake.

Siku zile zile mwanamke mmoja mwenye sauti ya upole alinipigia simu. Nitaisema hiyo, msinikimbize.

Shemeji akakalia kiti, akawasha kompyuta. Mashine ikadai namba. Mhasibu akanipigia.

"Shikamoo Baba. Imefika?"

"Imefika. Iko hapa inapunga upepo."

"Nisomee basi."

"Mwanangu, si nimesikia sisi ni ukoo wa wezi? Wezi na namba za siri wapi na wapi?"

Nikamsikia anacheka chini kwa chini. Walimpenda mjukuu wangu, wale watoto.

Ikagoma kompyuta ya kwanza, ikafuata ya pili, mwisho zote nne zimenuna. Mizigo imelala ghalani haina karatasi. Wenye mizigo wamejaa mapokezi, wanafoka.

Bosi akaja mwenyewe nyumbani kwangu. Tai shingoni, jasho puani.

"Mzee, nisomee hizo namba. Nitakuitia polisi!"

"Waite. Na mimi nitawauliza ilikuwaje jitu zima na kitambi chake likaandikishwa mwanangu."

Akakaa mwenyewe, bila kukaribishwa.

"Unataka nini? Pesa?"

"Pesa kula mwenyewe. Kwanza, ukumbi ule ule, watu wale wale, useme aliyeagiza ni wewe. Halafu huu ukuu wa familia uchukue. Nimechoka kulea."

Alinitazama, akaangua kicheko.

"Hilo tu? Mzee wangu, hilo la pili hata usingeomba! Unadhani nitakubali tena kutawaliwa na simu ya vitufe?"

"Hilo tu, mwanangu."

Tukaenda, mimi na fimbo yangu na mjukuu wangu. Ukumbini bosi akaanza kunung'unika kama nzi kwenye chupa.

"Sauti!" nikamwambia. "Binti yangu wa mapokezi hasikii."

"Aliyeagiza tuandikishwe familia ni mimi! Huyu binti hakuiba kitu."

Mjukuu wangu akakaa kwenye kompyuta. Nikamsomea namba ya mwisho, akamwondoa babu, akamweka bosi. Simu ya bosi ikalia mfukoni. Akaipapasa kama mtu aliyeshinda kesi.

Sasa yule mwanamke.

Alikuwa wa kampuni inayouza hizo programu. Aliniuliza, "Mzee, familia yako inaandika karatasi za mizigo kutwa nzima. Hapo kwako ni nyumbani au ni ghala? Tumeanza uchunguzi, na atakayebeba lawama ni mkuu wa familia. Ndiye wewe?"

Nikamjibu, "Mama, mimi nimeshikishwa tu. Nivumilie kidogo. Mkuu mwenyewe atajitokeza, tena mbele ya mashahidi."

Hapa mjukuu wangu ameacha kuandika. Ananitazama kwa mdomo wazi.

Andika, mama. Andika hivyo hivyo.

Uchunguzi ulimkuta bosi na cheo chake kipya. Programu zikafungwa zote. Wenye ofisi, waliomwajiri bosi, wakaja juu, naye akataka kumsukumia tena mjukuu wangu lawama. Mhasibu akasema, dereva akasema, dada wa mapokezi akasema: alitamka kwa mdomo wake, pale pale aliposimama.

Wakamfukuza, na shemeji yake nyuma. Mlinzi yule yule akaukagua mkoba wake mlangoni. Naambiwa aliumwaga vizuri sana, akautikisa na pembe zake.

Mjukuu wangu ana kazi sehemu nyingine sasa. Hakuna tena wa kupiga simu kabla yake.

Bosi alinipigia mara moja tu. "Mzee, kumbe ulijua?"

"Amkia kwanza."

Akakohoa kwanza.

"Shikamoo... Baba."

"Marahaba." Nikakata.

Wajukuu zangu mnaosoma, shikeni hili. Mtu akiogopa kuweka jina lake kwenye jambo lake, msimwazime la kwenu, hata awe nani. Mimi nilimwazima, nikaponea chupuchupu.

Mtaniuliza kama nimemsamehe.

Bado. Siku nikimsamehe nitawaambia.