Nukta Iliyokosekana

Miaka sita niliyofundisha kemia pamoja na Asenath Komora hapa Garsen, sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hata kwa wale watundu wa Kidato cha Pili. Kwa hiyo siku alipopiga meza ya chumba cha walimu hadi chai yangu ikamwagika, nilijua kuna jambo.

"Mwalimu Kadra, tazama! Tazama mwizi huyu!"

Kwenye simu yake kulikuwa na makala ya jarida la fizikia. Mwandishi alikuwa profesa aliyekuwa akimsimamia katika shahada ya uzamili. Jina la Asenath halikuwepo popote.

Asenath ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Kulesa. Mchana alifundisha, jioni aliandika tasnifu yake kuhusu fuwele ndogo ajabu, ambazo hadubini yetu ya maabara haiwezi kuzionyesha. Aliwahi kunichorea ubaoni.

"Mwanga ukiipiga fuwele, elektroni inaruka juu. Pale ilipotoka panabaki tundu. Elektroni na tundu huvutana, wanakuwa jozi. Kutegemea spini zao, ule mzunguko wa kila moja, zimepangwaje, kuna jozi inayotoa mwanga upesi na kuna inayobaki giza."

"Na nishati za jozi hizo mbili ni sawa?"

"Zingekuwa sawa, kama si mwingiliano wa kubadilishana, nguvu ndogo ya ziada kati ya elektroni na tundu. Huo unaisukuma jozi ya mwanga juu, ya giza inabaki chini. Fuwele ikiwa ndogo zaidi, elektroni na tundu wanabanana, na pengo linakua."

Ugomvi wake na profesa ulianzia hapo. Mwingiliano huo una sehemu mbili, ya karibu na inayofika mbali. Profesa alimwamuru aitupe ile ya mbali. Asenath akasema kwenye fuwele ya mviringo labda mtu angeweza kuiacha bila kukosea sana, lakini kwenye fuwele ndefu kama punje ya mpunga, ukiitupa huoni kwamba hata ile jozi ya mwanga yenyewe imegawanyika kuwa ngazi mbili za nishati. Profesa alimrudishia rasimu na maneno mekundu pembeni: *Haina maana. Futa.*

Hakufuta. Alipiga hesabu kwa fuwele za urefu mbalimbali, kila moja ikichukua siku kadhaa. Mafuriko ya 2023 yalipotufikia, kompyuta ya maabara ilikuwa katikati ya hesabu ya fuwele ya nanomita saba. Tuliibeba kichwani, maji yakiwa magotini, lakini ilikuwa imeshakufa. Barabara ilikatika, umeme ukapotea. Baadaye aliendelea na nane kwa laptop yake, akaacha pengo pale kwenye saba kwa kuwa hesabu yake ilizama, akamtumia profesa grafu pamoja na maelezo. Profesa hakumjibu. Kila alipoulizia tasnifu, aliambiwa asubiri.

Sasa grafu ile ile ilikuwa kwenye makala. Nukta ya nanomita saba haikuwepo.

"Hata hakujisumbua kuijaza," Asenath alisema. "Aliniita mjinga, kisha akaiba ujinga wangu."

Wiki mbili baadaye profesa alikuwa na mhadhara mtandaoni. Tulikaa maabara, mimi na yeye, tukimsikiliza akielezea sehemu inayofika mbali kana kwamba aliizaa yeye. Wakati wa maswali Asenath akafungua kipaza sauti.

"Profesa, kwa nini hakuna nukta kwenye saba?"

"Kulikuwa na hitilafu ya mitambo."

"Mitambo ya wapi?"

"Ya maabara yetu."

"Uongo! Mitambo hiyo ilizama Garsen. Mimi ndiye niliyeibeba!"

Sauti yake ikakatwa. Aliendelea kuufokea ukuta wa maabara mpaka machozi yakamtoka, nami sikumwambia atulie. Nilimwambia, "Andika."

Aliandika usiku kucha kwa wahariri wa jarida. Aliambatisha mafaili yenye tarehe, rasimu yenye wino mwekundu na barua pepe aliyotuma na grafu. Chuo kilimletea karatasi ya kutia sahihi, iliyosema palikuwa na "kutoelewana". Akaichana mara nne, akairudisha ndani ya bahasha yao wenyewe.

Ilichukua miezi tisa. Jarida lilichapisha masahihisho na kumweka Asenath kuwa mwandishi wa kwanza. Chuo kikampa msimamizi mwingine, mwanamke mkimya aliyesoma tasnifu yote kwa wiki moja na kuuliza maswali ya maana. Akahitimu. Profesa yungali kazini.

Siku moja tukiwa tunasahihisha mitihani, huyo profesa alipiga simu. Asenath akaweka spika ili nisikie.

"Binti yangu, haya mambo yamekwisha. Tusameheane."

"Mimi si binti yako. Baba yangu yuko Kulesa, na hajawahi kuvuna shamba la mtu."

"Hasira zitakuumiza, mama."

"Ziliniumiza nilipozinyamazia."

Asenath akakata simu. Nilidhani atalia au atacheka. Alivuta karatasi iliyofuata, akaisoma juu hadi chini, kisha akaniuliza kama najua mwandiko huo ni wa nani, maana mwanafunzi alikuwa amesahau kuandika jina, na jibu lake la swali la nne lilikuwa zuri mno.